Kwa nini sisi wa Mwanza tunaviona visiwa kila siku lakini hatuendi kupumzika huko?

#1 Mkazi wa Igogo (mleta mada)

Habari za jioni, wanajukwaa. Juzi nimerudi kutoka kisiwa cha Rubondo, nilikolala siku nne, na tangu nirudi kuna jambo linaninyima raha ambalo ningependa tulijadili kwa kina.

Nilikwenda nikiwa nimechoka kwa kiasi ambacho hata usingizi ulikuwa umenikimbia. Asubuhi ya pili niliamka mapema, nikaketi juu ya jiwe lililo hatua chache kutoka kwenye banda nililopangiwa, na kabla jua halijatoka vizuri nzohe dume, yule swala wa majini, akajitokeza kwenye matete akiwa amelowa hadi tumboni. Alinitazama kwa muda, akaona sina neno, akaendelea kula. Niliziona kwato zake, ndefu na zimeachana kama vidole, zikikanyaga tope bila kuzama. Alipoondoka niligundua kwamba nilikuwa nimekaa pale zaidi ya saa moja bila kushika simu. Usiku ule nililala kama mtoto.

Katika siku zote hizo nilikutana na wageni wengine watatu tu, na wote walitoka nje ya nchi. Hapo ndipo nilipojiuliza. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hatungoji tena kivuko pale. Unavuka, unapita Sengerema na Geita, unaelekea Chato hadi Muganza, na kutoka Kasenda boti inakufikisha kisiwani kwa muda wa nusu saa hivi. Kisiwa hiki ni hifadhi ya taifa tangu 1977. Mbona watu wa Mwanza hatuendi? Dai langu ni kwamba hatuendi kwa sababu hatujui. Hakuna aliyetuambia.

#2 Nyasaka Juu

Asante kwa uzi huu, mkuu. Kabla hatujafika mbali, tuambie gharama, kwa maana wengine tutaishia kuvisifia visiwa tukiwa juu ya mawe ya Capri Point.

#3 Mkazi wa Igogo

Mkuu Nyasaka Juu, swali ni la haki. Kiingilio cha raia hulipwa kwa shilingi na ni kidogo sana ukilinganisha na anacholipa mgeni wa nje. Malazi yapo ya bei mbalimbali, na ukibeba chakula chako utapunguza mengi. Kinachouma ni boti, kwa sababu ukiikodi, mafuta yanayotumika ni yaleyale uwe peke yako au muwe wanane. Mimi nilikwenda peke yangu na niliumia. Kwa hiyo nashauri watu wajikusanye.

#4 Nyasaka Juu

Basi jibu umelitoa wewe mwenyewe. Si kutojua, ni boti. Kama kungekuwa na chombo cha abiria cha kila siku, chenye nauli inayojulikana, kama kile cha Nansio kule Ukerewe, Rubondo pangejaa kila Jumamosi.

#5 Kijana wa Buhongwa

Mimi nadhani tatizo ni jinsi kisiwa kinavyotangazwa. Kina sokwe wa asili walioishi pale tangu enzi na enzi, kama wale wa Gombe, lakini ukimuuliza mtu wa Mwanza kuhusu sokwe atakutajia Kigoma. Hilo peke yake lingetosha kuwavuta watu.

#6 Mjukuu wa Mwalo

Kaka wa Buhongwa, naomba nikusahihishe kwa upole. Sokwe wa Rubondo si wa asili ya pale. Walipelekwa kati ya 1966 na 1969 kwa juhudi za Bernhard Grzimek na jumuiya ya hifadhi ya Frankfurt. Walikuwa 17, na walitoka katika bustani za wanyama za Ulaya. Waliachiwa wajitafutie chakula msituni, wakaweza, wakazaana. Twiga na tembo nao walipelekwa. Hata faru walipelekwa, ingawa hao hawakudumu. Wenyeji halisi wa kisiwa ni nzohe, pongo, viboko na mamba.

Kuna jingine ambalo halisemwi mara nyingi. Kabla ya hapo palikuwa na watu, wavuvi na wakulima wa migomba, ambao walihamishwa katika miaka ya 1960 ili kisiwa kiwe pori. Bibi yangu alizaliwa ng'ambo ya pili, upande wa bara, na alipokuwa akitaja Rubondo alitaja ndizi. Hakuwahi kutaja mnyama. Kwa hiyo mleta mada anapouliza kwa nini watu wa ziwa hawaendi kupumzika pale, mimi naona sehemu ya jibu ni hii: kwa vizazi viwili kisiwa kile kimekuwa mahali ambapo mvuvi haruhusiwi kutia nyavu. Mtu aliyekua akiambiwa asisogee mahali fulani hawezi kupageuza pa mapumziko kwa sababu tu ameona picha nzuri.

#7 Kijana wa Buhongwa

Nimekubali kusahihishwa, ndugu. Hilo la ndizi sikulijua kabisa, na limenifanya nikitazame kisiwa kwa jicho jingine.

#8 Mzee wa Karabai

Vijana, nimesoma michango yenu yote. Mimi nimevua dagaa kwa zaidi ya miaka ishirini, nimelala katika visiwa ambavyo wengi wenu hamjavisikia, na nataka niwaondolee dhana moja. Mnadhani kisiwa kikiwa mbali basi kimetulia. Katika ziwa letu mara nyingi ni kinyume chake.

Nendeni Goziba, au visiwa vya upande wa Bumbire. Ni mbali kweli. Lakini ukishuka mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia, utakuta mabanda ya mabati yamebanana, jenereta zinanguruma, muziki unapigwa mpaka usiku wa manane, na watu wa makabila yote wanauza na kununua. Wakati wa giza tunaondoka jioni na taa, zamani karabai, siku hizi taa za sola, na ukiwa juu ya kilima utadhani kuna mji umeota katikati ya maji. Alfajiri tunarudi, na akina mama wanawaanika dagaa juu ya mchanga na nyavu kuukuu, wanawageuza taratibu kwa mafagio ili wasikatike vichwa, huku kunguru na yangeyange wakingoja wasogee pembeni. Harufu ile ikikuingia kwenye shuka, utarudi nayo mpaka Kirumba.

Kisiwa kama hicho kinapumzika mara moja kwa mwezi, wakati wa mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa, kwa hiyo tunatundika nyavu, tunashona palipochanika, tunafua nguo, tunalala mchana. Siku zile tano au sita ndizo ningemshauri mgeni aje. Kwa hiyo mimi nasema watu hawaendi visiwani kupumzika kwa sababu kwetu kisiwa ni kiwanda. Hakuna mtu anayekwenda kupumzika kiwandani.

#9 Nyasaka Juu

Shikamoo, Mzee wa Karabai. Mchango wako umenifundisha mengi, ila bado nashikilia boti yangu. Hata huko kwenye kiwanda, ungefikaje kama huna mtu unayemfahamu mwaloni?

#10 Mzee wa Karabai

Marahaba, mwanangu. Shikilia boti yako, lakini ujue boti za mizigo zinakwenda huko mara kwa mara na abiria wapo. Vyombo havijakosekana. Anayetaka kwenda kukaa bure ndiye sijamwona.

#11 Muuguzi wa Sengerema

Naomba niingize suala la afya, kwa sababu nimekutana nalo kazini na nyumbani. Familia nyingi ninazozifahamu haziwapeleki watoto ziwani kwa kuogopa kichocho, na hofu hiyo ina msingi. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji baridi na hupenya ngozi ndani ya dakika chache tu za kukaa majini. Hatari ni kubwa zaidi pale maji yanapotulia karibu na magugu na mahali ambapo watu huoga, hufua na kujisaidia.

Dada yangu alikwenda kisiwani na wanawe wawili, wakaogelea kila siku, na siku waliyorudi akawanywesha dawa nyumbani akidhani amemaliza kazi. Miezi miwili baadaye mdogo akaanza kulalamika tumbo, na vipimo vikaonyesha. Sababu ni kwamba dawa hiyo, praziquantel, huua minyoo iliyokomaa, si ile michanga. Ukiimeza mapema mno, ile michanga itabaki na kuendelea kukua. Inafaa kusubiri wiki sita hadi nane baada ya kugusa maji, upime, kisha utumie dawa kwa kipimo cha uzito wako. Sisemi msiende. Nasema kaeni kwenye jiwe la mleta mada, kuleni sato, na maji ya kuoga yachemsheni au myateke na kuyaacha kwenye chombo kisicho na konokono kwa siku nzima au zaidi, kwa sababu vijidudu vile havidumu muda mrefu bila kumpata mtu.

#12 Mkazi wa Igogo

Asante sana, dada. Kule Rubondo tulikatazwa kuoga ziwani kwa sababu ya mamba na viboko, kwa hiyo hilo la kichocho sikulifikiria. Nilichosumbuliwa nacho ni mbung'o, hasa nilipovaa shati la bluu siku ya kwanza. Askari aliyetuongoza aliniambia rangi ya bluu na nyeusi huwavuta, nami nikabadilisha.

#13 Binti wa Igoma

Nimesita kuandika, lakini naona hakuna aliyeligusa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imebakiza mwendo mfupi kufika Mwanza, na zaidi ya watu 800 wakafa. Sisi tumekulia karibu na makaburi yao hapa Igoma. Shangazi yangu alimpoteza mumewe. Kutoka siku ile mpaka alipofariki hakupanda tena chombo cha majini, na alipotaka kwenda kwao Bukoba alizunguka kwa basi, ingawa safari ilimchosha na miguu ilivimba. Watoto wake hawapandi. Wajukuu nao hawapandi, na wengine hawajui hata sababu. Wanajua tu kwamba kwetu hatuvuki maji.

Kwa hiyo mtu akisema hatuendi visiwani kwa kutojua, au kwa gharama, namwelewa, lakini katika nyumba yetu jibu ni jingine.

#14 Mkara

Pole sana, dada wa Igoma. Nami natoka kisiwa cha Ukara, na Septemba 20, 2018 sitaisahau. MV Nyerere ilipinduka ikiwa karibu kabisa kutia nanga Bwisya, watu wakiwa wamesimama ufukweni kuwapokea ndugu zao. Zaidi ya 220 walikufa. Kilikuwa chombo kilichoruhusiwa kubeba abiria 101. Baadhi ya marehemu walizikwa palepale Bwisya.

Hata hivyo, naomba nitofautiane nawe kidogo kwa heshima. Sisi Wakara tulilia, tukazika, na tukaendelea kuvuka, kwa kuwa hatuna njia nyingine ya kufika sokoni, hospitalini na shuleni. Maelfu ya watu huvuka maji ya ziwa hili kila siku. Kama hofu ingekuwa ndiyo sababu kuu, vivuko vingekuwa vitupu. Ila labda hofu huachia pale penye haja na hushika pale penye anasa. Mtu atavuka kwa sababu ya mgonjwa, lakini hatavuka kwa sababu ya kupunga upepo.

#15 Binti wa Igoma

Asante, kaka. Sentensi yako ya mwisho ndiyo niliyokuwa nikiitafuta.

#16 Mwana wa Bukindo

Mimi ni Mkerewe, na nimeshangaa uzi umefika hapa bila Ukerewe kujadiliwa, wakati ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika ziwa hili. Meli kutoka Mwanza hadi Nansio huchukua kama saa tatu, na wanaopenda barabara hupitia Bunda hadi Kisorya wakavuka kwa kivuko hadi Rugezi. Hapo hoja ya boti ya mkuu Nyasaka Juu inapungua nguvu, kwa sababu chombo kipo kila siku, nauli inajulikana, na bado sijaona watu wa Mwanza wakishuka Nansio na mabegi ya mapumziko. Wanaoshuka ni sisi tunaokwenda nyumbani.

Nadhani ndilo jibu lenyewe. Kwetu likizo ni kwenda kwa wazazi. Ukifika unapewa jembe, unapelekwa kusalimia wagonjwa, unaamua kesi ya mpaka wa shamba, na siku zinaisha. Mwaka jana nilijaribu kupanga chumba Nansio kwa siku mbili kabla ya kwenda kwa mama, ili nipumzike kwanza. Habari zilimfikia kabla sijavua viatu. Alikuja mwenyewe kwa bodaboda, akakaa kitandani mwangu, akaniuliza kwa sauti ya chini nimekosewa nini nyumbani. Sikupata la kumjibu. Niliondoka naye jioni ileile.

#17 Mkara

Hapo umesema kweli, jirani. Na kwetu Ukara ni zaidi, kwa sababu kisiwa ni kidogo na watu ni wengi, na kila kipande cha ardhi kina kazi. Wazee wetu walifuga ng'ombe ndani ya mashimo nyumbani, wakawakatia majani na kuwaletea, ili samadi yote irudi shambani. Mgeni anayekuja kuliona jiwe letu linalocheza tunampokea kwa furaha, lakini akikaa siku nzima bila kushika kitu, watoto watamzunguka wakimtazama kwa huruma wakidhani anaumwa.

#18 Kijana wa Buhongwa

Kwa nini tusianze na kilicho karibu? Saanane kipo palepale mjini, boti ni dakika chache, na kimekuwa hifadhi ya taifa tangu 1964.

#19 Mjukuu wa Mwalo

Kaka, leo ni zamu yako kusahihishwa, nivumilie. Mwaka 1964 Saanane ilianzishwa kama bustani ya wanyama. Hadhi ya hifadhi ya taifa iliipata 2013, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 2.18 tu, pamoja na maji yanayoizunguka. Jina ni la Saanane Chawandi, aliyeishi pale akivua na kulima kabla ya hapo. Ni mahali pazuri pa mchana mmoja na watoto, kwa kuwa pimbi na mijusi wenye vichwa vyekundu wanaota jua juu ya mawe bila woga. Ila mleta mada anazungumzia kisiwa ambacho huoni mji. Ukiwa Saanane unaziona taa za Mwanza na unasikia honi.

#20 Kijana wa Buhongwa

Mjukuu wa Mwalo, nitakuwa nakutumia michango yangu uihakiki kabla sijaiweka. Asante.

#21 Mhasibu wa Pasiansi

Naomba kuwa mkweli. Nilikwenda Rubondo miaka miwili iliyopita kwa siku tano. Siku mbili za kwanza zilikuwa kama alivyoeleza mleta mada, na furukombe alilia asubuhi mpaka nikajisikia mwili wote umekuwa mwepesi. Siku ya tatu mambo yalibadilika. Mtandao ulikuwa wa kubahatisha, vitabu nilikuwa nimevimaliza, na ule ukimya ukaanza kuniletea mambo niliyokuwa nimeyakimbia kwa mwaka mzima, ukiwemo msiba wa baba ambao sikuwahi kuuketia. Nililia peke yangu ufukweni. Siku ya nne niliomba niondoke, boti haikuwepo, nikakaa.

Kwa hiyo kwa upande wangu gharama, hofu na kutojua vyote nilivishinda, nikafika, kisha nikagundua kwamba sikuwa tayari kupumzika. Nashuku wapo wengi kama mimi, na ndio maana tunachagua mapumziko yenye kelele.

#22 Mkazi wa Igogo

Pole kwa msiba, ndugu, na asante kwa kutuamini na jambo hilo. Siku ya tano ilikuwaje?

#23 Mhasibu wa Pasiansi

Siku ya tano niliamka na njaa. Nilikula samaki mzima, nikampigia mama simu kutoka sehemu ya juu ambako mtandao ulishika, tukamzungumzia baba kwa saa nzima. Nikipata nafasi nitarudi, ila safari ijayo sitakwenda peke yangu.

#24 Muuguzi wa Sengerema

Ndugu Mhasibu, kama safari itapangwa nami nihesabuni. Nina likizo ya wiki mbili na sijawahi kuitumia kwa jambo langu mwenyewe. Kama mwanamke nisingekwenda pekee, lakini tukiwa kundi ningekwenda.

#25 Nyasaka Juu

Tukifika wanane, gharama ya boti itagawanyika na hoja yangu itakufa. Niko tayari iuawe. Niandikeni wa tatu, na mleta mada awe wa nne ili atuonyeshe lile jiwe.

#26 Binti wa Igoma

Naomba kuuliza, na tafadhali nijibuni bila kunipamba. Ile nusu saa ya Kasenda, maji yanakuwaje? Kuna jaketi la kuokolea maisha kwa kila mtu? Sijaahidi kwenda. Nataka tu kujua.

#27 Mkazi wa Igogo

Dada, nilivalishwa jaketi kabla boti haijaondoka gatini, na nahodha alikataa kuwasha injini mpaka kila mmoja afunge kamba zake. Maji yalikuwa na mawimbi madogo wakati wa kwenda na yalitulia kabisa wakati wa kurudi. Nisingependa kukuahidi zaidi ya nilichokiona.

#28 Mzee wa Karabai

Binti wa Igoma, nikujibu mimi niliyeishi juu ya maji hayo. Ziwa letu lina tabia yake. Usiku upepo hutoka nchi kavu pande zote na kukutana katikati ya maji, mawingu yanapanda, na dhoruba nyingi hupiga usiku na alfajiri, hasa upande wetu wa magharibi. Mchana upepo hugeuka, unatoka ziwani kwenda bara. Kuanzia Juni hadi Agosti mvua ni chache lakini upepo wa kusini huchafua maji. Kwa hiyo usivuke gizani, na usivuke kwa sababu tu umelipa.

Mkifika Kasenda, kabla ya kuangalia saa, angalieni mitumbwi ya wavuvi. Ikiwa majini, vukeni. Ikiwa imepandishwa mchangani na kugeuzwa matumbo juu wakati jua limeshatoka, msimshurutishe nahodha hata kidogo. Kaeni kwa mama lishe pale gatini, agizeni chai na chapati, na mngoje. Tena mkiniambia tarehe nitawaambia mwezi utakuwa wapi.

#29 Binti wa Igoma

Shikamoo, mzee, na asante. Nitakuja nanyi mpaka Kasenda. Nikifika pale nitaitazama mitumbwi.